Kumlilia Mama Mkwe Akiwa Hai

Mimi silii. Naomba hilo lieleweke mwanzo kabisa, kwa sababu kuna watu, hasa upande wa mume wangu, waliodhani nakataa kwa makusudi. Vitunguu vinanitoa machozi, moshi wa kuni mbichi unanitoa machozi, lakini msiba ukinikuta nakauka. Koo linafunga, kisha naanza kuuliza watu kama wamekula. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa kule Magu, na nyumbani kwetu kupiga yowe msibani kulihesabiwa ni kumkosea Mungu adabu. Mtu akifa tuliimba. Siku tunamzika mama yangu mzazi nilisimama kwenye safu ya sauti ya pili, nikaimba beti zote bila kukosea hata moja.

Sasa mtu wa namna hiyo nikaenda kuolewa Majita. Ni watu wa ziwani, upande wa Mara, Wakristo kama sisi, na kuimba wanaimba kutushinda. Lakini kwao mtu hazikwi kimyakimya. Ukienda msibani unaanza kulia tangu njiani, mikono kichwani, ili waliomo ndani wajue kuna mwingine amekuja kuwasaidia kuubeba. Na anayesikilizwa kuliko wote ni mkamwana, maana ndiye wanayemshuku kwamba hakumpenda marehemu.

Hayo hakuna aliyeniambia. Baba mkwe alipofariki nilishuka kwenye gari na begi langu, nikampa kila mtu mkono, pole, poleni, poleni sana, mpaka nikafika jikoni na kuuliza mchele uko wapi. Wifi yangu mkubwa akasema nimekuja kwenye msiba wa baba yake kama msoma mita. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nikapika matanga yote, na hao waliokuwa wanalia walikula na kuongeza.

Miaka ikapita. Mama mkwe akaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, tukamleta kwetu Buzuruga awe karibu na hospitali. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu. Alikaa kwenye kochi langu akiniongoza jikoni kwa sauti tu, bila kuniona. "Huyo sato unamgeuza mapema!" Na kweli nilikuwa namgeuza mapema, ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku moja tulitoka kliniki. Daktari alikuwa ametueleza kwamba moyo umepanuka na dawa zitausaidia kwa muda tu, na yeye alimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa. Tulipofika nyumbani akaomba chai. Akanywa kidogo, akaniambia, "Mwanangu, nataka kukuomba kitu."

Nikajua anataka kurudi Majita. Nikaanza kujiandaa kukataa.

"Nikifa, unililie vizuri."

"Mama, mbona hujafa?"

"Sijasema nimekufa. Nimesema nikifa. Yule baba yenu ulimzika kama unapokea mgeni. Mimi usinifanyie vile. Nimekaa kwako, umeniosha, umenilisha, halafu ushuke pale nyumbani kwangu umefunga mdomo? Watasema ulinichoka. Wanangu nawajua, watakuondoa kwenye ile nyumba yangu ya Majita hata kabla mkeka haujakunjwa. Na mimi nataka watu wasikie kwamba nilikuwa na binti mwingine."

Hilo neno la mwisho lilinimaliza. Nikamwahidi. Ningefanyaje? Mtu anakuomba huku anatwetea, huwezi kuanza kumweleza habari za koo lako. Kwa hiyo ahadi ikawa hiyo: nitamlilia mama mkwe wangu kwa sauti, mbele ya ukoo wake mzima, mimi ambaye mama yangu mwenyewe nilimwimbia sauti ya pili.

Wakati huohuo, kazini, bosi wetu alikuwa ameugua ugonjwa wa semina. Mimi ni msimamizi wa wauzaji kwenye duka la magodoro mjini, na yule bwana aliamini kwamba magodoro hayatoki kwa sababu akili zetu hazijafunguka. Sababu ya kweli ni kwamba yalikuwa yanabonyea katikati, lakini nani angemwambia? Akatupeleka kwenye ukumbi wa hoteli moja Kapripointi, kwa mkufunzi aliyetoka Dar, suti imembana, viatu vimechongoka, maikrofoni kaibandika shavuni utafikiri anatangaza mpira.

Somo lenyewe linaitwa NLP. Kirefu chake alikitaja kwa Kiingereza mara nyingi, kisha akatuambia kwa Kiswahili kwamba ni namna ya kuupanga upya ubongo kwa kutumia lugha. Jirani yangu, bwana mmoja muuza vipuri vya pikipiki, akaninong'oneza kwamba wa kwake ulishapangwa na bibi yake kwa fimbo, na haujawahi kupangika tena.

Tukafundishwa kuwa kioo. Unakaa kama anavyokaa mwenzako, unapumua anavyopumua, naye bila kujua anaanza kukupenda. Nikapangwa na yule wa vipuri. Ana kitambi, akivuta pumzi vifungo vya shati vinalia, na mimi nikahema naye hivyohivyo mpaka nikapata kizunguzungu, wala sikuona amenipenda. Tukafundishwa nanga: unakumbuka siku uliyojisikia simba, unabonyeza kifundo cha kidole, na siku nyingine ukihitaji usimba wako unabonyeza tena palepale. Ukumbi mzima ukawa unabonyeza vidole. Aliyepita dirishani alidhani tunatafuta vipele.

Halafu likaja somo lenyewe, kumnakili bingwa. Hapo, kusema kweli, niliamka. Yule mkufunzi alisema ukitaka kuweza anachokiweza bingwa, usimuulize tu anafanyaje, maana mara nyingi hajui. Mtazame mwili wake. Chunguza anaona picha gani kichwani, anajiambia maneno gani, anapumulia wapi. Kisha vyote hivyo uvivae wewe. Kazi ya kwenda nayo nyumbani ikawa hiyo: kila mtu achague bingwa wake, amchunguze, amnakili, kisha arudi kutoa taarifa.

Watu wakachagua. Mmoja tajiri wa mabasi. Mwingine mchungaji mwenye gari jeupe. Yule wa vipuri akamchagua mkwe wake, kwa sababu eti hajawahi kuonekana akifanya kazi na bado ana kwake.

"Na wewe, dada yangu?"

"Mimi nataka bingwa wa kulia msibani."

Walicheka mpaka wahudumu wakachungulia. Mkufunzi akatabasamu lile tabasamu la kulipiwa, akasema, "Hapa tunatafuta mafanikio, dada yangu, si huzuni."

"Kwani kulia vizuri si mafanikio? Mimi siwezi. Wewe unaweza?"

Akapitisha.

Bingwa nilishamjua. Alikuwa mama mmoja wa Igogo, mkaanga samaki, mnene, mwenye sauti ya kusimamisha magari. Hakuna aliyekuwa anamlipa. Alikuwa anapenda tu. Msiba ulikuwa haujaanza mpaka yeye afike, na akifika, hata wafiwa wenyewe walikuwa wanasogea kumpa nafasi. Nikamfuata kwenye msiba wa mzee mmoja ambaye mimi simjui wala ndugu zake siwajui. Nikakaa ubavuni kwake, nikawa kioo. Akishika kichwa nashika kichwa. Akiyumba nayumba. Akivuta kamasi na mimi navuta. Ghafla akakatisha kilio katikati, akanigeukia na macho makavu kabisa.

"Wewe mwanamke unanikejeli?"

"Hapana dada, najifunza."

"Nenda ukajifunzie kwenu!"

Kesho yake nikaenda kwenye jiko lake kumwomba radhi, nikanunua samaki wengi kuliko ninaoweza kula. Akalainika. Nilipomwambia kwamba nimemchagua yeye kati ya mabingwa wote wa Mwanza, akajifunga kilemba upya na kuuliza kama nitamrekodi. Nikatoa simu. Nikaanza maswali kama tulivyofundishwa.

"Ukianza kulia, kichwani unaona picha gani?"

"Picha? Naona watu wananiangalia."

"Na unajiambia nini?"

"Najiambia, leo watanitambua."

"Na marehemu je?"

"Marehemu yupi?"

Jamani! Lakini ufundi alinipa. Sauti itoke tumboni, si kooni. Ipande polepole, ikifika juu uikate, kisha ushuke na magoti, ila kwanza utazame chini kama hakuna matope. Nikarudi Buzuruga nimeshiba mbinu, nikajifungia chumbani, nikavuta pumzi, nikaachia.

Mama mkwe akauliza kutoka sebuleni, "Nani kaibiwa simu?"

Nikatoka nimenyong'onyea. Ikabidi nimwambie yote, semina, kioo, nanga, mama wa Igogo. Alicheka mpaka nikampigapiga mgongo. Kisha akafuta macho na kuniambia, "Huyo wa Igogo analilia pilau. Sauti anayo, lakini ndani ya kilio chake hakuna mtu. Hebu sogeza hicho kiti."

Basi nikapata mkufunzi wa pili, huyu hana maikrofoni. Miguu yake iliyovimba iko juu ya kigoda, shuka magotini, na mimi nimesimama katikati ya sebule kama mtoto wa shule aliyechelewa. Akaniambia kilio kina njia yake. Unaanza ukiwa mbali, unamwita aliyekufa. Tena usimwite mama tu, mama ni wengi, watageuka wote. Unamwita kwa baba yake aliyemzaa, kwa ufuko aliochotea maji, kwa shamba lake la mihogo. Halafu unamuuliza amekwenda wapi na amemwachia nani jiko.

"Halafu unanigombeza," akasema.

"Nikugombeze?"

"Ndiyo. Maiti akizikwa bila kugombezwa ujue hakuwa na mtu."

"Sasa Mama, nikugombeze kwa lipi?"

"Hunalo? Nimekaa humu ndani nakusema kutwa, leo unakosa neno?"

Nilianza kwa adabu. Nikasema, mama wewe, uliniambia wali wangu ni uji. Akasema, ongeza sauti. Nikasema, mama wewe, ulimwambia mwanao alale sebuleni kwa sababu nilichelewa kurudi kutoka kazini, mimi niliyekuwa natafuta hela ya dawa zako! Akasema, hapo sawa, endelea. Nikaendelea. Nikamwambia kuhusu kile kikao cha posa aliponiita mwembamba mbele ya shangazi zangu. Nikamwambia kwamba mtoto wangu wa kwanza alipokufa tumboni hakuja kuniona, alituma unga. Hapo sauti yangu ilipanda yenyewe, wala sikuitoa tumboni wala wapi.

"Nilikuwa naumwa," akasema taratibu.

"Maiti hajibu, Mama!"

"Basi usimsingizie! Nilikuwa naumwa malaria, nikatuma unga kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho."

Mimi hilo la malaria nilikuwa silijui. Mume wangu, ambaye ni fundi wa mashine za boti na mtu wa maneno machache, alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa spana. Akauliza nyumba yake imeingiwa na nini. Mama yake akamwambia akaoge, hapa watu wako kazini.

Tangu siku hiyo nikawa nalia kila nikipata nafasi. Nililia huku napanga vyombo. Nililia huku namkanda miguu, naye anasahihisha: hapo umewahi, hapo umenisifu sana, mimi sikuwa mpole kiasi hicho. Mkamwana na mama mkwe hawaambizani ukweli, heshima inazuia, lakini kwenye kilio kila kitu kinaruhusiwa. Nadhani zile wiki tuliongea kuliko miaka yote ya ndoa yangu. Nilianza kufika nyumbani mapema. Nilimpenda, nasema waziwazi, nilimpenda yule bibi mkorofi kuliko nilivyowahi kuthubutu kumpenda mama yangu. Ila chozi, hata moja halikudondoka.

Jumamosi moja akaamka ana nguvu. Akasema leo tufanye lote, kuanzia getini, kama siku yenyewe. Nikamwambia majirani watasikia. Akasema waache wasikie, kwani wao hawafi? Nikajifunga khanga kiunoni, nikatoka mpaka barabarani, nikaweka mikono kichwani, nikaanza.

Na siku hiyo, bwana, nilikuwa na koo! Nilikuwa sijafika hata mlangoni, jirani wa kwanza akabwaga ndoo. Wa pili akaja mbio peku. Nikanyamaza haraka, nikasema, "Jamani, hajafa!"

"Pole, mama. Mwanzoni huwa ni vigumu kukubali."

"Nawaambia mzima, yuko ndani anakunywa chai!"

"Mshikeni, mshikeni asianguke."

Wakanishika, wengine huku, wengine huku, wakanikalisha kwenye mkeka sijui wa nani. Akina mama wa jumuiya wakafika na kuni na sufuria. Mzee wa mtaa akaagiza turubai. Mtu mmoja, na nikimjua namkata ulimi, akaandika kwenye kundi la simu la ukoo kwamba mama ametangulia. Nilipochomoka mikononi mwao na kukimbilia ndani, mama mkwe alikuwa ameweka kikombe chini, ametega sikio kwa nje.

"Nani yule anayekuja?"

Nikasikiliza. Ilikuwa sauti ya wifi mkubwa, yule wa msoma mita, anayekaa Nyakato. Alikuwa juu ya bodaboda, analia tangu kwenye lami.

"Ni wifi. Ngoja nimkimbilie nimwambie."

"Mwache amalize. Nataka nimsikie."

Akatulia na kusikiliza kwa makini, kichwa upande, anatabasamu. Wifi alikuwa fundi, lazima niseme. Alimwita mama yake kwa baba yake, kwa ufuko, kwa mihogo. Kisha akaanza kulia kwamba mama, nilisema nitakuja wiki ijayo, kila wiki nilisema wiki ijayo, mama nipo hapa Nyakato tu na sikuja. Tabasamu la mama mkwe likaisha. Akaomba nimwinue. Tukatoka taratibu, ameniegemea, mpaka kizingitini.

Wifi alipomwona alikata sauti. Kisha akapiga yowe jingine, hili halikuwa na ufundi wowote, akakaa juu ya mzigo wa kuni. Akina mama wa jumuiya wengine walikimbia, wengine wakaanza kumshukuru Mungu papo hapo kwa kumfufua. Vurugu ilipotulia na mambo yakaelezwa, wifi akasimama, akaja mpaka usoni kwangu.

"Unamwitia mama yetu mauti yaje humu ndani? Unamfanyia mazoezi?"

"Nilimwagiza mimi," mama mkwe akasema.

"Mama, nyamaza, wewe ni mgonjwa! Wewe mwanamke, msiba wa kujitakia hauna kilio. Siku mama akifa kweli, usifungue mdomo wako kwenye boma letu. Kaa kimya kama ulivyozoea!"

"Atalia," mama mkwe akasema, safari hii kwa sauti ndogo, pumzi imemwishia. "Na wewe njoo wiki hii, siyo ijayo."

Wifi alikuja wiki ile na kila wiki iliyofuata, lakini salamu yangu alikuwa anaipokea akiwa ameangalia ukuta. Kuni zilizoletwa hazikurudi, pilau lilipikwa, watu wakala sana. Mama wa Igogo naye nilimwona pale, sijui habari zilimfikaje, ana sahani mbili.

Taarifa yangu kule kwenye semina ilikuwa fupi. Nilisema nimenakili mabingwa wawili, na kwamba wa kwanza hakuwa na marehemu kichwani. Mkufunzi akaniomba niwaonyeshe kidogo. Nikasimama mbele ya ukumbi, nikabonyeza kidole, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu hata kidogo. Akawaambia watu wanipigie makofi kwa ujasiri wangu, kisha akanipa cheti. Nikarudi nyumbani na hofu mpya: kama pale tu nimeshindwa, Majita itakuwaje?

Alifariki asubuhi, siku ya kazi. Nilikuwa nimempa chai, akaonja, akasema tangawizi haitoshi. Nikaenda kuongeza. Niliporudi alikuwa amelaza kichwa kwenye kochi, mdomo wazi kidogo, na nikajua kabla sijamgusa. Nikamfunga mdomo. Nikamnyoosha mikono. Koo likafunga, nikampigia mume wangu simu, nikaanza kuhangaika na mambo ya gari, sanda na maturubai. Watu walipojaa niliwauliza kama wamekula.

Safari ya Majita nilikaa mbele, jeneza liko nyuma na wanaume. Tukapita Magu kwetu, tukapita Bunda, tukaacha lami. Njia nzima nilibonyeza kidole. Nilibonyeza mpaka kikawa chekundu. Simba hakuja, wala paka. Mume wangu akanishika mkono, akasema, "Usijilazimishe. Mimi najua ulivyomtunza."

Yeye alijua, lakini mama yake hakuniomba mwanawe ajue.

Tulipofika, boma lilikuwa limejaa mpaka njiani. Wifi alisimama pale mbele kabisa, macho yamevimba, mikono kiunoni, ananitazama mimi tu. Nikashuka. Nikaweka mikono kichwani. Nilimwona mama wa Igogo kichwani mwangu, nikamwondoa. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikamwita.

Nilimwita kwa baba yake. Nilimwita kwa ufuko wake, na kwa mihogo yake iliyokuwa imesimama palepale nikiitazama. Sauti ilipanda, nikaikata panapokatwa, nikaanza kutembea. Nikamuuliza amekwenda wapi. Nikamuuliza amemwachia nani jiko, na nani atanifokea nikimgeuza samaki mapema. Kisha nikamgombeza. Mama wewe, ulinikuta mimi ni jiwe, ukanichokoa, ukanifungua mdomo, sasa nitaongea na nani? Ulisema wewe ni mgonjwa wa moyo, mbona moyo ulikuwa na nafasi ya watu wote hawa? Ungesema unaondoka, mama! Mbona mimi nilikuambia kila kitu?

Wanawake wakaitikia. Wazee walisimama. Nikazunguka nyumba yake kama alivyonifundisha, nikafika mlangoni kwake, nikashuka magoti. Niliposikia wifi anaanza kulia nyuma yangu, analifuata neno langu, anaitikia, nikajua nimeweza. Macho yangu yalikuwa makavu kabisa. Na nitasema hata kama ni aibu: nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimelia kila kitu mahali pake, sikuwahi, sikuchelewa, sikumsifu kupita kiasi.

Nikainuka, nikageuka na mdomo wazi kumuuliza, "Mama, hapo je?"

Walikuwa wanamshusha kwenye gari. Mume wangu ameshika mbele, wanaume wengine nyuma, wanaambiana taratibu, taratibu, mlango ni mwembamba. Nikasubiri. Nilisimama pale nikasubiri kweli, nimemtazama, anijibu. Kisha kitu kikanipasuka kifuani na nikaanza kulia ovyo, bila jina la mtu, bila neno, kamasi mpaka kwenye khanga, kilio kibaya ambacho asingekikubali, nami nikaendelea nacho hivyohivyo, nikimngoja anisahihishe.